Nguzo ya Arobaini na Moja

Karakana yenye mlango wa kijani,
Jumatano.

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Nakupa na shikamoo ya pili, maana barua yako imekaa kwangu miezi miwili na mimi nimenyamaza kama vile haijanifikia. Hujambo lakini? Magoti yanasemaje? Binti yako hajambo, na wajukuu? Ulisema yule mdogo ameota meno mawili na anauma kila anayemkaribia. Mwambie babu yake wa huku amebakiwa na manne, siku wakikutana watapambana vizuri. Mimi sijambo. Mgongo unalalamika asubuhi, ukishapata chai unanyamaza. Macho yangu bado yanauona msumari ulioangukia kwenye maranda, kitu ambacho vijana wa hapa hawakiwezi hata ukiwavalisha miwani miwili miwili. Fundi seremala wa maana mtaani kwetu bado ni mmoja tu, na ndiye huyo anayekuandikia.

Ndiyo, naandika mwenyewe. Utaona mwandiko unayumba kama watu wanaotoka kwenye sherehe. Barua zote za nyuma nilikuwa namtajia binti wa duka la dawa, yeye anaandika, na akiona nimezidisha anaweka kalamu chini ananiuliza, babu, na hili nalo? Namwambia andika, mwanangu, kwani wino wa nani? Hii nimeona nisimpe. Leo ni siku ya tisa niko nayo, na kalamu ninayotumia ni ile penseli yangu nene ya kuchorea mbao, naichonga kwa patasi. Binti wa duka la dawa amenuna, anadhani nimepata mwandishi mwingine.

Dada, umeniuliza jambo moja tu. Umesema Shirika limefungua ofisi huko uliko, meza tatu na foleni, wanaandikisha waliouawa kwetu miaka ile, kila mmoja na alivyokufa na wa kulaumiwa ni nani. Umesema umeshamwandikisha mwanao, na pale kwenye wa kulaumiwa umemwambia karani aache wazi mpaka ushahidi wangu ufike. Unataka niandike kwamba yule afisa wa kigeni aliisimamisha nguzo pasipo pake, na mwanao alipopigwa risasi, afisa huyo alisimama barabarani na redio yake akamtazama mpaka akakata roho. Umesema lile jina likishakaa kwenye karatasi, huenda ukapata usingizi.

Nitakujibu. Lakini unanijua, mimi nikitoka mlangoni kwenda kitandani napitia sokoni kwanza. Nivumilie.

Wewe ulivuka mpaka na binti yako mwaka ule wa kwanza wa vita. Mwanao akakataa kuondoka, akasema pampu ya maji ya mji haina fundi mwingine. Na kweli haikuwa naye. Tukamwita Mnara, kwa ule urefu, akaja kulala kwenye chumba cha nyuma ya karakana, miguu ikitoka nje ya kitanda mpaka magotini. Nikamtengenezea kitanda ambacho mtaa mzima walikuja kukiona. Nilimwambia hiki hakitaingia nyumba nyingine yoyote, ukioa itabidi mkeo ahamie hapa hapa. Akaniambia mjomba, wewe umekitengeneza ili nisioe. Tulikuwa hivyo, sisi. Kutwa ni kutupiana maneno.

Mwaka uliofuata sikutengeneza kitanda kingine. Nilitengeneza majeneza. Nilitengeneza mpaka mbao zikaisha, nikawa nabomoa makabati ya watu, mtu anazikwa na kitasa cha kabati lake ubavuni. Sitaki kukusimulia mwaka ule. Nakwambia tu kwamba nilikuwa namwangalia mteja akiingia mlangoni, na kabla hajafungua mdomo nimeshakadiria urefu.

Ndipo Shirika likaja. Magari meupe, antena ndefu, watu wa rangi zote duniani, na kila mmoja ana daftari. Tuliwacheka. Mtaani tulisema hawa wamekuja kutuhesabu. Hawakuwa na ruhusa ya kumpiga mtu risasi, walikuwa na ruhusa ya kuangalia, kuandika na kuomba. Basi! Nikasema pale kwa kinyozi kwamba hata mke wangu marehemu alikuwa na madaraka kuliko jeshi hili, yeye alikuwa hataki ruhusa ya mtu.

Lakini dada, sema unavyotaka, wale watu waliomba. Waliomba mwezi mzima. Wakawakalisha wakubwa wa pande zote mbili kwenye darasa la shule ya msingi, kwa sababu ndiyo nyumba pekee iliyokuwa na paa, na madawati yaliyokuwepo ni ya watoto. Wanaume wazima, bastola kiunoni, magoti yamegusa videvu. Siku ya pili dawati likavunjika chini ya kamanda mmoja mnene, wa kwao wakadhani ametegewa, watu wakashika bunduki. Nikaitwa mimi. Nikaingia pale katikati na nyundo yangu, nikapiga misumari mitatu, nikamwambia kamanda sasa kaa, hata ukileta na ndugu zako. Wakacheka wote, wa huku na wa kule. Kwa hiyo ukisikia huko kwamba amani yetu ililetwa na mabwana wakubwa, waambie ilishikiliwa na misumari mitatu ya ndugu yako.

Wakatia sahihi. Kila jeshi likae lilipo. Mstari ukachorwa kwenye ramani, pembeni mwa mji wetu, na makubaliano yakasema mstari huo uoneshwe ardhini kwa nguzo nyeupe zenye namba, ili mtu asiye na ramani naye ajue asivuke wapi.

Na ulishika! Miezi kumi na minne, dada. Jeneza la risasi halikutoka hapa kwangu miezi kumi. Nilirudi kutengeneza vitanda, vya wawili wawili, na miezi tisa baadaye nikaanza vile vidogo vya kubembea. Mateka walibadilishwa, niliona kwa macho yangu mtu aliyeshafanyiwa matanga anateremka kwenye lori anauliza mbona mmempa fulani baiskeli yangu. Barabara ya hospitali ikafunguka. Wakafungua hata darasa la watu wazima chini ya turubai, na mimi nikiwa na miaka sitini na moja nikajifunza herufi nikiwa nimekaa nyuma ya mke wa kinyozi, ambaye alikuwa anaziba daftari lake kwa kiwiko nisimwibie majibu. Barua hii unayoisoma imetoka chini ya turubai lile. Kwa hiyo anayewatukana wote kwa pamoja mbele yangu, mimi namkatalia.

Sasa nguzo. Zilikuwa sitini na kazi nilipewa mimi, wangempa nani? Nikachagua mbao ngumu, nikazipiga rangi nyeupe, namba nyeusi. Halafu nikaenda kwa kinyozi nikafungua domo. Nikasema nguzo sitini nitazisimamisha siku tano, kumi na mbili kila siku, peke yangu na mtaimbo wangu. Kinyozi akaniambia mzee, ardhi ile ina mwamba. Nikamwambia mwamba ukiniona mimi unalainika. Akasema haya, ukimaliza siku tano nakunyoa bure mpaka ufe, ukishindwa nakunyoa nusu ndevu na unazunguka mtaa mzima kutwa. Watu wakapiga makofi. Mnara naye alikuwepo, akasema mimi niko upande wa kinyozi, nataka nimwone mjomba ana ndevu nusu.

Niliyepewa kufanya naye kazi ndiye huyo afisa wako. Mwembamba, masikio mekundu, anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Kiswahili alijua neno moja tu, pole, na alilitumia kwa kila kitu. Ukipiga chafya, pole. Ukimsalimia, pole. Nilimtania kupitia kwa mkalimani, yule mwalimu wa kike wa shule ya msingi, kwamba nimepata watoto mapacha. Akanishika mkono kwa huzuni akasema pole sana. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Tukamwita Bwana Pole, na akawa anaitika.

Tulifanya hivi. Yeye anatangulia na ramani na dira, anapima, anapiga alama ya rangi nyekundu chini, mimi nachimba juu ya alama na kusimamisha. Alishamaliza kupiga alama zote sitini siku ya kwanza na ya pili, kisha akawa anasimama nami kuangalia kila nguzo inavyoingia. Siku ya nne asubuhi tulikuwa kwenye ya arobaini, akaitwa kwenye redio. Ng'ombe amevuka mstari. Usicheke. Makubaliano yalikuwa na kurasa ishirini na hakuna hata moja iliyosema lolote kuhusu ng'ombe. Wa kule wakasema ni mateka, wa huku wakakoki bunduki. Bwana Pole akakaa siku mbili kamili kwenye jua kuzungumzia ng'ombe mmoja, mpaka ng'ombe akarudi nyumbani kwa miguu yake na mtu yeyote asiumie. Hivyo ndivyo walivyokuwa, dada. Kitu ambacho sisi tungekimaliza kwa maiti sita, wao walikimaliza kwa maneno mpaka midomo ikapasuka.

Aliniacha na nguzo ishirini, na siku ya tano jioni zote zilikuwa zimesimama. Aliporudi alizihesabu kwa darubini kutoka barabarani, maana majani kule bondeni yalikuwa marefu. Sitini. Akatia sahihi. Kinyozi akashika neno lake, ananinyoa bure mpaka leo.

Huko bondeni, mbele kidogo ya mwamba, ndiko lilipo shimo la koki kubwa ya bomba la mji, lina mfuniko wa chuma. Kwa ramani, mstari ulipita juu ya mwamba, kwa hiyo koki ilikuwa upande wa kule. Kwa nguzo zilivyosimama, ilionekana iko huku kwetu. Mnara alikuwa anakwenda na kurudi, na askari wa kule wa zamani walimzoea, wanampungia mkono, maana maji yale yale na wao walikunywa. Mwezi wa kumi na moja wakabadilisha kamanda. Huyu mpya akafungua ramani, akaandika malalamiko kwa Shirika kwamba nguzo ya arobaini na moja imeingia kwake hatua thelathini. Barua ikapanda ofisi kwa ofisi, ikawa inasubiri mtu wa kuisoma, na aliyeisoma akasubiri mtu wa kumruhusu ajibu.

Siku ile bomba lilipasuka. Mji ulikuwa hauna maji tangu alfajiri, ndoo zimepangwa foleni mpaka kwenye ngazi za karakana. Mnara akaenda kufunga koki ili aweze kuziba bomba. Saa nne kasorobo asubuhi tukasikia risasi mbili. Hazikuwa nyingi. Mbili tu.

Haya mengine niliyaandika kwenye barua zangu, na wewe umeyashika kwa moyo. Kwamba Bwana Pole alifika na gari lake akasimama na redio. Kwamba mimi nilimsukuma pembeni, nikakimbia bondeni chini ya bunduki za watu, nikambeba mpwa wangu mgongoni, na urefu wake wote, mpaka barabarani, na akafia mikononi mwangu akikutaja wewe. Uliniandikia kwamba huna cha kunilipa. Mjukuu wako wa kwanza ukampa jina langu.

Dada, weka barua chini kwanza unywe maji, halafu uendelee.

Mimi sikumbeba mtu.

Niliposikia risasi nilikimbia, hilo kweli, mpaka ukuta wa nyumba ya pampu. Nikalala kifudifudi nyuma ya ukuta na nikaona yote kupitia tundu la bomba. Mnara alikuwa kwenye majani, yu hai. Bwana Pole akafika na mwalimu, ambaye alinisimulia baadaye yaliyosemwa, akaomba ruhusa kwenye redio ya kuvuka mstari kumchukua. Wakamwambia asubiri, mpaka kamanda wa kule akubali. Kamanda wa kule akasema anasubiri wakubwa wake. Robo saa ikapita hivyo, na hapo uko sawa, alisimama. Alikuwa anaongea na ile redio kama mtu anayembembeleza mtoto. Halafu akaivua shingoni akampa mwalimu, akavua kofia ya chuma, akachukua taulo jeupe la kwenye gari akalinyanyua juu, akateremka bondeni peke yake bila ruhusa ya mtu. Walimlenga. Niliona mitutu inamfuata. Akamwinua Mnara, mtu aliyemzidi kichwa kizima, akawa anakwenda naye hatua tatu, anapumzika, hatua tatu, anapumzika. Mimi nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, ningeweza kushika miguu. Sikutoka.

Mnara alifia ndani ya gari kabla ya kufika hospitali. Mwalimu alikuwa naye. Aliniambia hakusema neno, ila alikuwa anazungusha mkono hivi, hivi, anamwangalia Bwana Pole kama anayemwagiza kitu, na Bwana Pole hakuelewa akawa anamshika ule mkono autulize. Mimi nilipoambiwa nilielewa. Koki ilikuwa bado nusu mzunguko ifunge.

Hilo ni moja, nalo si kubwa. Woga kila mtu anao, mngeweza kunisamehe. Kubwa liko kwenye nguzo.

Siku ile ya nne, Bwana Pole alipokwenda kwa ng'ombe wake, nilibaki na alama nyekundu ya arobaini na moja. Ilikuwa juu ya mwamba mtupu. Nikapiga mtaimbo mara kumi, ukaniruka mikononi. Jua limepanda, zimebaki ishirini, na mimi nawaona wote kwa kinyozi wamekaa wanasubiri ndevu nusu. Nikaangalia kule mbele nikaona udongo laini. Nikasema hatua thelathini ni nini katika dunia nzima, nani atajua? Nikaifuta alama kwa kuisugua na mchanga na jiwe, nikaisimamisha nguzo kwenye udongo. Iliingia kama kisu kwenye embe. Sikufikiria koki, nakuapia. Sikufikiria mtu wala jeshi. Nilifikiria ndevu zangu.

Na bado ningeweza kuirudisha. Malalamiko ya yule kamanda mpya yalipofika, Bwana Pole alikuja hapa karakana na mwalimu. Alikuja kwa adabu, akakaa kwenye kile kigoda cha wateja. Akaniuliza kama nguzo ya arobaini na moja iko juu ya alama yake, akasema kama haiko hakuna ubaya, tutaihamisha kesho, ataandika kwamba kosa ni lake. Aliniachia mlango wazi kabisa, dada. Nilikuwa na wateja wawili na kinyozi amesimama mlangoni anasikiliza. Nikacheka. Nikamwambia mwalimu amwambie kwamba nguzo zangu hazikosei hata unyayo, na huyo kamanda aende akajifunze kusoma ramani. Wateja wakacheka. Bwana Pole akaandika kwenye daftari lake, akaniamini. Akajibu Shirika kwamba nguzo iko sawa.

Siku nane baadaye ndipo bomba likapasuka. Asubuhi ile tukiwa kwenye chai, Mnara akaniuliza. Akasema mjomba, nasikia wa kule wana kamanda mkali, niende nikaombe barua ya ruhusa kwa Shirika kwanza? Barua ile ilikuwa inachukua siku tatu. Nikamjibu, barua ya nini, koki iko huku kwetu, huioni nguzo ya mjomba wako? Akacheka, akamaliza chai yake, akachukua spana.

Hivyo ndivyo mwanao alivyokufa.

Wakaja wapimaji kutoka makao makuu ya Shirika, wakapima, wakakuta hatua thelathini. Wakaandika ripoti. Waliopiga risasi hawakukiuka makubaliano, maana aliyepigwa alikuwa ng'ambo ya mstari. Afisa wa eneo alithibitisha nguzo bila kufika penyewe, na alivuka mstari bila ruhusa. Ndiyo hivyo, ukurasa mmoja, muhuri. Shirika zima lilijua hatua ngapi, saa ngapi na risasi ngapi, ila halikujua kitu kimoja alichokijua mzee mmoja, naye alikaa kimya. Nami nakwambia ukweli, hakuna aliyeniuliza tena. Fundi haandikwi kwenye ripoti.

Bwana Pole akafukuzwa. Kabla hajaondoka alipita hapa na mwalimu. Akamwambia mwalimu anitafsirie kwamba alipaswa kwenda kuangalia kwa miguu yake na si kwa darubini, na kwamba kifo cha mpwa wangu kiko juu yake. Mimi nafikiri alikuwa ameshajua, dada. Alikuwa anaziangalia mbao zangu, haniangalii mimi. Halafu akanishika mkono akasema lile neno lake. Miezi kumi na moja ya kulisema ovyo, na siku ile likakaa mahali pake. Nami, mwenye maneno kuliko wote mjini, nikashika randa nikaendelea na ubao wangu.

Miezi mitatu baadaye vita vilirudi. Sijipi sifa hiyo, vingerudi tu, wakubwa walikuwa wameshapata risasi mpya. Magari meupe yakaondoka asubuhi moja na hayakuaga. Nguzo watu walizing'oa wakapikia.

Sasa nikumalizie. Barua yako ilipofika nilikaa nayo wiki mbili, halafu nikachukua mtaimbo, sururu na patasi nikaenda bondeni. Nina miaka sabini na mitatu, unajua. Mwamba uko vile vile. Mahali nilipapata kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye koki, na kwenye ufa mmoja wa jiwe rangi nyekundu bado ipo kidogo, kama punje ya mtama. Nikaanza kuchimba shimo la nguzo. Nilitaka kujua tu. Nikapiga, nikapumzika, nikapiga. Nilianza baada ya chai. Shimo lilipofika kina chake, watoto wa shule walikuwa wanapita kwenda kula chakula cha mchana.

Nusu siku, dada. Mzee wa sabini na mitatu, nusu siku. Ningechelewa nusu siku tu, na ndevu zingeota tena.

Humu ndani ya bahasha nimekunja karatasi nyingine, fupi. Imeandikwa haya haya bila mizaha, na jina langu lote, na dole gumba langu chini ili wasiseme si mimi. Mpelekee karani. Yule askari aliyepiga aandikwe, simjui jina. Shirika nalo liandikwe kwa ile robo saa ya redio, hilo ni lao, na ile barua iliyozunguka maofisini, nayo ni yao. Lakini Bwana Pole usimwandike. Pale palipo wazi, nijaze mimi.

Kitanda cha Mnara bado kiko chumba cha nyuma. Wateja wamekitaka, nawaambia hakitoki mlangoni.

Nisalimie binti yako. Mjukuu mwenye jina langu mkitaka kumbadilishia, mbadilishieni, bado mdogo hatakumbuka. Yule wa meno mawili mbusu, aendelee kuuma. Magoti yako yakande kwa maji ya moto. Ukinijibu nitafurahi hata kama ni matusi, na usiponijibu nitajua kwamba barua imekufikia. Nakuamkia tena kabla ya kuondoka, shikamoo dada.

Barua zote nilikuwa natia sahihi Fundi Mkuu. Hii naitia lile jina ulilonipa wewe tulipokuwa wadogo, nikakukimbiza kwa hasira uwanja mzima.

Mdogo wako,
Domo